Hukumu Isiyochapishwa na Deni la Mahakama kwa Kesi Ijayo

Hukumu ya mahakama ya rufani hufanya kazi mbili kwa pamoja. Kwanza humaliza ugomvi wa wadaawa: mmoja hupata, mwingine hukosa. Pili, katika nchi zilizorithi mapokeo ya sheria ya Uingereza, huacha kanuni ambayo majaji watakaofuata watatakiwa kuishika kesi ya namna hiyo ikiwajia tena. Kazi ya kwanza inawahusu waliofika mahakamani. Ya pili inawahusu watu ambao bado hawajui kwamba siku moja watakuwa na kesi.

Nchini Marekani mahakama za rufani za shirikisho, ambazo ziko 13, zimezitenga kazi hizo mbili. Tangu miaka ya 1970 zimekuwa zikitoa hukumu za aina mbili: zilizochapishwa, ambazo zinafunga mikono ya majaji wa baadaye, na zisizochapishwa, ambazo zinamaliza kesi bila kuweka kanuni. Katika miaka ya karibuni zaidi ya asilimia 80 ya hukumu za mahakama hizo zimekuwa za aina ya pili.

Kwa juu juu hili ni suala la utawala wa mahakama. Ndani yake, hata hivyo, mna swali la kale la falsafa ya haki: je, jaji anaweza kumhukumu mtu kwa sababu ambazo hayuko tayari kuzitumia kwa mtu mwingine mwenye hali ileile?

Namna utaratibu unavyofanya kazi

Rufaa katika mahakama hizo husikilizwa na jopo la majaji watatu. Jopo lenyewe ndilo linaloamua kama hukumu yake itachapishwa. Vigezo hutofautiana kidogo kati ya mahakama na mahakama, lakini kwa jumla hukumu huchapishwa ikiwa inaweka kanuni mpya, inabadili au kufafanua kanuni iliyopo, inatatua mgongano wa maamuzi yaliyotangulia, au inagusa jambo lenye umuhimu wa kudumu kwa umma. Isipofikia kigezo chochote kati ya hivyo, hubaki bila kuchapishwa.

Tofauti huonekana hata kwa macho. Hukumu iliyochapishwa kwa kawaida hubeba jina la jaji aliyeiandika, husimulia mambo yaliyotokea, hupima hoja za pande zote na kueleza kwa kirefu kwa nini upande mmoja umeshinda. Ikishatolewa, inazifunga mahakama za chini katika eneo hilo, na inayafunga majopo mengine ya mahakama hiyohiyo mpaka itenguliwe na jopo pana au na Mahakama ya Juu. Kwa njia hiyo maneno ya majaji watatu huwa sheria kwa mamilioni ya watu. Hukumu isiyochapishwa mara nyingi ni fupi, haina jina la mwandishi, na rasimu yake huweza kuwa imeandaliwa na wanasheria walioajiriwa na mahakama kwa ajili ya kuwasaidia majaji. Kesi nyingi za aina hiyo huamuliwa kwa kusoma majalada tu, bila mawakili kusimama kujieleza.

Chanzo chake

Mwaka 1964 Baraza la Majaji la Marekani, chombo kinachosimamia sera za mahakama za shirikisho, lilipendekeza kwamba majaji wachapishe tu maamuzi yenye thamani ya jumla kama kielelezo. Mwaka 1972 baraza hilo lilizitaka mahakama za rufani ziandae mipango yao ya uchapishaji, na katika muda mfupi karibu zote zikawa nayo.

Sababu ya kwanza ilikuwa wingi wa kesi. Mwaka 1960 rufaa zilizofunguliwa katika mahakama hizo zilikuwa chini ya 4,000, na majaji hawakufika 70. Kufikia mwaka 2000 rufaa zilikuwa zimepita 50,000, ilhali nafasi za majaji zilikuwa 179. Sababu ya pili ilikuwa vitabu. Ripoti za hukumu zilikuwa zikijaza rafu za maktaba kwa kasi ambayo wakili wa kawaida hakuweza kuigharimia, na mtafiti alilazimika kupita katika kurasa nyingi zilizorudia jambo moja.

Hapo ndipo likaingia jambo la tatu. Kama hukumu zisizochapishwa zingeruhusiwa kutajwa mahakamani, waliokuwa na nakala zake wangepata faida. Idara za serikali, ambazo hufika mahakamani kila siku, zilikuwa zikizihifadhi. Wakili wa mji mdogo hakuwa nazo. Mahakama nyingi zikakataza mawakili kuzitaja, ili pande zote ziwe sawa. Basi utaratibu ulioanza kama njia ya kupunguza karatasi ukaishia kuwa kanuni kuhusu nguvu ya hukumu: uamuzi usiochapishwa haufungi, na hautajwi.

Kesi ya siku moja

Uhalali wa utaratibu huo ulijaribiwa kwa nguvu mwaka 2000, katika kesi ya Anastasoff dhidi ya Marekani, mbele ya Mahakama ya Rufani ya Mzunguko wa Nane, mojawapo ya zile 13. Mlipakodi alidai kurudishiwa kodi aliyolipa zaidi. Sheria ilimruhusu kudai fedha zilizolipwa ndani ya miaka 3 kabla ya dai lake. Kodi yake ilihesabiwa kuwa ililipwa tarehe 15 Aprili 1993. Alituma dai lake kwa posta kabla ya muda kwisha, lakini liliifikia mamlaka ya kodi tarehe 16 Aprili 1996, siku moja baada ya muda kupita. Hoja yake ilikuwa kwamba dai lihesabiwe kuwa limefika siku lilipotumwa.

Mwaka 1992 mahakama hiyohiyo ilikuwa imekwisha kuikataa hoja hiyo, katika hukumu isiyochapishwa. Mlipakodi akasema kwamba hukumu hiyo haiwafungi majaji, kwa kuwa kanuni ya mahakama yenyewe ilieleza kwamba hukumu zisizochapishwa si vielelezo. Jaji Richard Arnold, akiandika kwa niaba ya jopo, alikataa. Alieleza kwamba Katiba ya Marekani imezipa mahakama mamlaka ya kuhukumu, na kwamba waasisi wa Katiba walielewa mamlaka hayo kuwa na mpaka ndani yake: jaji hutangaza sheria katika kesi moja, na akishaitangaza inamfunga katika kesi zifuatazo mpaka aonyeshe sababu ya kuiacha. Kanuni inayomruhusu jaji kuchagua ni hukumu zipi zitamfunga inampa uwezo ambao Katiba haikumpa.

Jaji Arnold alitenga mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Hakusema kwamba kila hukumu ni lazima ichapwe vitabuni. Alisema kwamba kila hukumu, ikichapwa au isichapwe, ni uamuzi wa mahakama na ina nguvu ya uamuzi. Kuhusu hoja ya wingi wa kesi, jibu lake lilikuwa kwamba dawa ni kuongeza majaji, au kuwaachia waliopo muda wa kutosha kuifanya kazi yao vizuri.

Hukumu hiyo haikudumu. Kabla ya mwaka kwisha mamlaka ya kodi ilikubali kulipa, na majaji wa mahakama hiyo wakikaa kwa pamoja waliifuta kwa kuwa hapakuwa tena na ugomvi wa kuamua. Mlipakodi alipata fedha zake, na swali likabaki wazi.

Upande wa pili wa hoja

Jibu lilikuja mwaka 2001 kutoka Mahakama ya Rufani ya Mzunguko wa Tisa, katika kesi ya Hart dhidi ya Massanari. Jaji Alex Kozinski alieleza kwamba kanuni kali ya kufungwa na maamuzi yaliyotangulia haikuwa imekomaa wakati Katiba ya Marekani ilipoandikwa, kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba waasisi waliipachika ndani yake. Historia inampa nguvu: hata huko Uingereza, Baraza la Mabwana, likiwa mahakama ya juu kabisa, lilijifunga waziwazi na maamuzi yake lenyewe mwaka 1898 tu, na likajifungua tena mwaka 1966.

Hoja yake ya pili inahusu kazi ya kuandika. Hukumu inayowahusu wadaawa peke yao inaweza kuwa fupi, maana wao wanayajua yaliyotokea. Wanachohitaji ni kujua nani ameshinda na kwa nini. Hukumu itakayokuwa kanuni ni lazima ieleze yaliyotokea kwa mtu asiyeyajua, ipime kila neno, na itazame mbele kuona ni kesi zipi nyingine zitaangukia humo. Majaji wakilazimishwa kuandika kila kesi kwa namna hiyo, ama kesi zitarundikana, ama kanuni zitaandikwa kwa haraka na kugongana.

Ndani ya hoja hii mna jambo la haki, wala si la urahisi tu. Rufaa nyingi huletwa na watu wasio na wakili, au na mawakili waliozishughulikia vibaya. Hoja muhimu huachwa, kumbukumbu za mahakama ya chini huwa na mapengo. Kanuni ikitungwa juu ya msingi dhaifu namna hiyo, itawafunga watu ambao hawakuwapo, hawakusikilizwa, na pengine wangeweza kujenga hoja bora. Kwamba mtu asihukumiwe bila kusikilizwa ni msingi wa haki unaokubalika kila mahali. Jaji anayesita kuwafunga wasiokuwapo anauheshimu msingi huo.

Lakini sababu hiyohiyo inaleta swali linaloumiza. Ikiwa hoja zilizoletwa ni dhaifu mno kiasi kwamba hazifai kuwahukumu watu wengine, kwa nini zinatosha kumhukumu huyu mmoja? Mzigo wa hukumu zisizochapishwa kwa kiasi kikubwa umewaangukia wafungwa, wahamiaji wanaopinga kuondolewa nchini, na waombaji wa mafao ya ulemavu. Hao ndio ambao hoja zao huja zikiwa na upungufu, na hao ndio ambao kosa la mahakama huwagharimu zaidi.

Kuficha na kujitenga

Wapinzani wa mwanzo wa hukumu zisizochapishwa waliona hatari katika usiri, na hofu hiyo ina mizizi ya kale. Thomas Aquinas, katika karne ya 13, aliweka kutangazwa kuwa sehemu ya maana ya sheria: agizo la akili kwa manufaa ya wote, linalotolewa na mwenye dhamana ya jamii, huwa sheria likishatangazwa. Mwanafalsafa wa sheria Lon Fuller, katika kitabu chake cha mwaka 1964 kuhusu maadili ya sheria, alimbuni mfalme anayeshindwa kutunga sheria kwa njia nane. Njia mojawapo ni kuandika kanuni, kuziweka siri, kisha kuamua kesi za raia kwa kuzifuata. Raia wake hawamshukuru, kwa sababu hawawezi kupanga maisha yao kwa kanuni wasizoziona. Mwaka 1985 Jaji John Paul Stevens wa Mahakama ya Juu ya Marekani aliona hatari ya namna hiyo katika hukumu zisizochapishwa, akazipinga kwa sababu hiyo.

Hatari hiyo imepungua sana. Kuanzia mwaka 2001 kampuni ya uchapishaji wa sheria ya West ilizikusanya hukumu hizo katika mfululizo wa vitabu uliodumu mpaka 2021. Sheria ya mwaka 2002 ilizitaka mahakama za shirikisho kuweka hukumu zao zote zilizoandikwa kwenye tovuti zao. Kisha kanuni mpya ya utaratibu wa rufaa, yenye namba 32.1, iliyoanza kutumika Desemba 2006, ilizizuia mahakama hizo kuwakataza mawakili kutaja hukumu zisizochapishwa zilizotolewa kuanzia tarehe 1 Januari 2007.

Kanuni hiyo iliishia kwenye ruhusa ya kutaja. Haikusema hukumu iliyotajwa ina uzito gani. Hilo liliachiwa kila mahakama. Matokeo yake ni kwamba leo wakili anaweza kusimama mbele ya majaji akiwa na hukumu yao wenyewe, yenye mambo yaleyale, nao wakaisoma, wakaikubali kuwa ni yao, na bado wakasema haiwafungi. Katika Mzunguko wa Tano hali inategemea hata tarehe: hukumu zisizochapishwa zilizotolewa kabla ya tarehe 1 Januari 1996 zinafunga, za baada ya hapo hazifungi.

Kwa hiyo tatizo lililobaki ni la mahakama kujitenga na neno lake. Mwaka 2015 Jaji Clarence Thomas wa Mahakama ya Juu alionyesha mahali linapoweza kufika. Katika shauri la Plumley dhidi ya Austin, Mzunguko wa Nne ulikuwa umetoa hukumu ya kurasa 39, baada ya mawakili kusikilizwa, huku jaji mmoja akipinga, juu ya swali gumu la kikatiba; na hukumu hiyo haikuchapishwa. Hapo hakuna tena hoja ya kuokoa muda. Kazi yote imefanywa, kilichokosekana ni utayari wa kubeba matokeo yake.

Mapokeo mengine

Si kila mfumo wa sheria unaitaka hukumu ya leo iwe kanuni ya kesho. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Kiraia ya Ufaransa ya mwaka 1804 kinawakataza majaji kuamua kesi kwa kutoa kanuni za jumla. Kanuni ziko katika sheria iliyoandikwa na bunge, na hukumu huzitekeleza kwa wadaawa.

Fikihi ya Kiislamu nayo ilizitenga kazi hizi mbili mapema. Al-Qarafi, mwanazuoni wa madhehebu ya Maliki aliyefariki Misri mwaka 1285, alifafanua tofauti kati ya fatwa na hukumu. Fatwa ya mufti haimlazimishi aliyeuliza, lakini inamwenea kila mwenye hali kama yake. Hukumu ya kadhi inamlazimisha aliyehukumiwa, lakini haivuki kwenda kwa mwingine. Kadhi wa Unguja au Lamu alipotafuta kanuni, alifungua vitabu vya madhehebu ya Shafi, kama Minhaj ya Imamu Nawawi; hakuhitaji daftari la hukumu za kadhi aliyemtangulia.

Katika mapokeo hayo kuna habari mashuhuri ya Khalifa Umar bin al-Khattab kuhusu mgawanyo wa mirathi. Mwaka mmoja aliwanyima ndugu wa baba na mama kushiriki fungu la ndugu wa upande wa mama. Mwaka uliofuata, katika shauri la namna ileile, aliwashirikisha. Alipoulizwa, hakuifuta hukumu ya kwanza wala hakuiacha imzuie katika ya pili: kila moja ilisimama kama ilivyoamuliwa. Wanazuoni waliijengea habari hiyo kanuni kwamba ijtihadi, yaani uamuzi unaofikiwa kwa juhudi ya akili ya mwanazuoni, haivunjwi na ijtihadi nyingine.

Mifano hii inaonyesha kwamba hukumu isiyofunga si dhuluma kwa asili yake. Lakini inaonyesha pia inachohitaji ili iwe salama: usawa wa watu uwe umewekwa mahali pengine, katika sheria iliyoandikwa au katika vitabu vya madhehebu, ambavyo jaji hana uwezo wa kuviweka kando. Mahakama za Marekani zinategemea hukumu zenyewe kuubeba usawa huo. Zikiziondolea nguvu hukumu nyingi, hakuna kitu kingine kilichosimama nyuma kuchukua nafasi yake. Hata Khalifa Umar aliulizwa sababu ya kubadilika, na alijibu.

Afrika Mashariki imerithi mapokeo ya Uingereza lakini imekwenda njia nyingine. Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliundwa mwaka 1979, baada ya Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki kufa pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977. Mawakili wa Tanzania hutaja kila siku maamuzi ya mahakama hiyo yasiyoripotiwa, na majaji huyakubali kuwa yanafunga, kwa kuwa nguvu ya uamuzi inatoka kwa mahakama iliyouamua, wala haitoki kwa mchapishaji. Nchini Kenya kazi ya kuripoti ilikabidhiwa baraza la kitaifa kwa sheria ya mwaka 1994, na hukumu husomwa bure mtandaoni. Njia hii ina gharama yake: maamuzi yakiwa mengi hugongana. Mahakama ya Rufani ya Tanzania imelazimika kuweka mwongozo kwamba maamuzi yake mawili yakipingana, ufuatwe ule wa karibuni.

Kipi mahakama inadaiwa

Mabishano haya hutatuka kwa sehemu kubwa yakitenganishwa mambo mawili ambayo jaji anaweza kuwa na shaka nayo. Jaji anaweza kuwa na shaka na maneno yake: kwamba sentensi aliyoiandika kwa haraka ikisomwa kama kanuni itawafikia watu asiowakusudia. Shaka hiyo ni halali, na inatosha kumruhusu aandike kwa ufupi na kusema kwamba maneno yake yasinyooshwe kupita mambo ya kesi iliyo mbele yake. Lakini jaji hawezi kuwa na shaka na matokeo yenyewe, yaani kwamba mtu mwenye mambo haya anastahili kushindwa, kisha akayatekeleza. Akiwa na shaka hiyo, kazi yake haijaisha.

Kutokana na hilo, madai matatu yanasimama juu ya kila hukumu, iwe ndefu au fupi. Iwe na sababu, hata kama ni za aya moja, ili aliyeshindwa ajue hoja yake ilisomwa. Ionekane na kila mtu, ili asiye na fedha aweze kuipata sawa na idara ya serikali. Na jopo lijalo, likionyeshwa mambo yaleyale, ama liifuate ama lieleze kwa nini linaiacha. Dai la tatu halimzuii jaji kusahihisha kosa. Linamzuia kupita kimya juu ya mtu aliyetangulia.

Haki ya kutendewa sawa na mwenye hali kama yako, ambayo Aristotle aliiweka katika kiini cha haki, hailindwi na uzuri wa hukumu chache zilizoandikwa kwa uangalifu mkubwa. Inalindwa na ule wajibu wa kueleza tofauti, katika kesi ya mfungwa asiye na wakili kama katika kesi ya kampuni kubwa. Mahakama inaweza kupunguza kurasa, kuacha kuchapa vitabu na kuamua kesi nyepesi kwa mistari michache, na isivunje haki ya mtu. Isichoweza ni kutumia nguvu ya dola juu ya mtu mmoja, kisha ikakataa kuulizwa kuhusu uamuzi huo anapofika wa pili.